Nina Kiswahili na Kifaransa tu: nitapitaje uwanja wa ndege wa Kiingereza?

Swali: "Mimi ni mama wa miaka 46, niko na duka la nguo kule mtaa wa Kenya, Lubumbashi. Mwezi ujao ninaenda Dubai kununua bidhaa, mara ya kwanza, peke yangu, kupitia Addis Ababa. Ninaongea Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza changu ni kile cha shule, pamoja na kidogo nilichookota mpakani Kasumbalesa kwa Wazambia. Mtoto wangu aliniletea kitabu cha maneno 800 ya uwanja wa ndege. Nimefika ukurasa wa tano, nimechoka. Ninaogopa kupotea Addis, tena ninaogopa wale wa uhamiaji waniulize kitu nijibu vibaya, wanirudishe. Nianzie wapi?"

Mama, ndani ya swali lako kuna hofu mbili, na kila moja ina njia yake. Kupotea Addis ni jambo la kusoma: vibao, skrini na karatasi uliyoshika mkononi. Kumjibu afisa wa uhamiaji ni jambo la kusikia: maswali machache yanayotamkwa haraka na mtu ambaye ameshayauliza mara mia siku hiyo. Kitabu cha maneno 800 hakikusaidii sana katika lolote kati ya haya mawili. Kifunge kwa sasa.

Sababu ni hii. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilibeba maneno mengi sana ya Kifaransa, ndiyo maana maneno makubwa ya safari unayajua tayari bila kusoma: passport, visa, transit, terminal, destination, passenger, cabin. Kwenye kibao utayatambua. Kinachowakwamisha watu wetu ni vile vitenzi vifupi vya kila siku ambavyo havifanani na Kifaransa, na ndivyo wafanyakazi wanavyotumia wakisema na abiria: put, take, keep, show, open, wait, step back, fill in, pick up. Mtu wa ukaguzi mara nyingi hakuambii "remove". Anakuambia "Take off your shoes", yaani vua viatu. Kwa hiyo jifunze hivyo vifupi, thelathini hivi vinatosha kwa mwezi mmoja, na ujifunze ukiwa unafanya kitendo chenyewe: unavua mkanda unasema "take off", unaweka simu mezani unasema "put it here".

Jambo la pili la kukutuliza: Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, huhitaji Kiingereza. Wa DGM (uhamiaji), wa RVA (wasimamizi wa uwanja) na wa kaunta ya shirika la ndege watakuelewa kwa Kifaransa au Kiswahili, kuanzia Go-Pass (kodi ya uwanja wa ndege) hadi kupima mzigo. Tumia nafasi hiyo kumaliza maswali yako yote makubwa kwa lugha yako. Uliza kama valizi zinakwenda moja kwa moja hadi Dubai, na kama unapewa kadi mbili za kupandia ndege, ya Addis na ya Dubai. Kisha hakikisha kwa macho: kwenye ule mkanda wa karatasi wanaofunga kwenye valizi, herufi kubwa ziwe DXB, ambayo ni Dubai. Ukiona ADD peke yake, mzigo unaishia Addis. Sema hapohapo, kabla haujaondoka kwenye mzani. Kile kipande kidogo chenye namba wanachokubandikia kwenye kadi au paspoti usikitupe hadi uushike mzigo wako.

Sasa Addis. Ukishuka kwenye ndege unatafuta neno moja tu: "Transfer". Mahali pengine huandikwa "Connections" au "Connecting flights", maana ni ile ile ya "correspondance". Usifuate "Arrivals", "Baggage claim" wala "Exit", maana hayo ni ya wanaoingia mjini. Utakaguliwa tena, na chupa ya maji uliyopewa njiani itaachwa hapo. Kisha tafuta skrini ya "Departures" na utafute namba ya ndege, usitafute jina la mji tu, kwa sababu ndege mbili zinaweza kwenda mji mmoja usiku mmoja. Namba ya Ethiopian inaanza na ET. Mbele yake utaona "Gate", tamka geit, ambayo ni mlango wa kupandia. Usiseme "door", neno hilo ni la mlango wa nyumba au wa chumba.

Kwenye skrini kuna neno linalowadanganya wenye Kifaransa: "Delayed". Kwetu "délai" ni muda uliopangwa, kwa hiyo mtu anaona neno hilo anadhani muda umepangwa vizuri. Sivyo: ndege imechelewa, subiri na urudi kuangalia tena, maana geti nayo inaweza kubadilika. "On time" ni sawasawa, "Boarding" ni watu wameanza kupanda, "Final call" ni kimbia, "Cancelled" ni imefutwa. Kwenye kadi yako zimeandikwa saa mbili tofauti. "Boarding time" ni saa ya kuwa getini. "Departure" ni saa ya ndege kuondoka. Ishi kwa ile ya kwanza, kwa sababu geti mara nyingi hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya ndege kuondoka, na likishafungwa hata machozi hayalifungui.

Kuhusu saa, sikiliza vizuri. Addis iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja, Dubai kwa saa mbili, na simu isiyo na mtandao inaweza kubaki na saa ya nyumbani. Tena Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili, kuanzia asubuhi, yaani mtu akikuambia kwa mdomo "two o'clock" anaweza kumaanisha saa mbili ile yako, ambayo kwenye skrini ni 08:00. Skrini na kadi ziko kwenye saa 24. Mtu akikutajia saa, mwonyeshe kadi na useme "Show me, please".

Namba na herufi ndizo mahali pa kutumia muda mwingi kuliko yote, na hapa Kasumbalesa imekuandaa, kwa sababu bei umeshazisikia. Bado kuna hatari kati ya 13 na 30, 14 na 40, 15 na 50. Usitegemee mwisho wa neno, maana humezwa. Tegemea mahali sauti inapopanda: fifTEEN hupanda mwishoni, FIFty hupanda mwanzoni. Ukitia shaka, uliza "One five, or five zero?" Hata wafanyakazi wenyewe huhakikisha namba hivyo.

Herufi ni mtego zaidi, kwa sababu Kifaransa na Kiingereza wanatumia sauti zilezile kwa herufi tofauti. Kiingereza wakisema "ii" wanamaanisha E, wewe unasikia I. Wakisema "ai" ndiyo I. Wakisema "ei" ni A, wewe unasikia E. G na J zimebadilishana: G yao inasikika kama "jii", J yao "jei". H ni "eich", Y ni "wai", W ni "dabal-yuu". Ukitaja namba ya tiketi, ile ya alama sita inayoitwa "booking reference", kwa herufi za Kifaransa, mfanyakazi ataandika kitu kingine na kukuambia huna tiketi. Njia salama ni kumwonyesha imeandikwa. Ikiwa ni kwa simu, taja kwa mfano: "A for Africa, G for Goma, J for Japan".

Kwenye ukaguzi maneno ni machache, na mikono yao inaonyesha: "Shoes off", "Belt off", "Empty your pockets", "Laptop out", "Arms up". Vimiminika kwenye mkoba wa mkononi visizidi chupa za mililita 100, vyote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki wa lita moja; mawese na pilipili ya maji viende kwenye valizi kubwa, vimefungwa vizuri. Betri ya kuchajia simu ni kinyume chake: haitakiwi kabisa kwenye valizi kubwa kwa sababu ya hatari ya moto, inabaki mkononi. Kikomo bila ruhusa ni Wh 100. Ile ya kawaida ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, kwa hiyo inapita. Ukisikia "Any power banks in this bag?" wakati wa kupima mzigo, jibu "No, in my handbag".

Na hapa tukae kidogo kwenye ndiyo na hapana, kwa sababu ndipo watu wenye Kiswahili wanajitia matatani bila kosa. Kwetu mtu akiuliza "Huna dawa ndani?" tunajibu "Ndiyo", yaani ni kweli sina. Kwa Kiingereza "Yes" hapo inamaanisha unazo. Wao hawaangalii swali limeulizwaje, wanaangalia ukweli wenyewe: kama huna kitu, jibu ni "No" hata swali liwe na ukanushi. Ili usikosee, usijibu neno moja. Sema "No, I have no medicine" au "Yes, I have medicine". Kuna na swali jingine la kinyume: "Do you mind opening your bag?" Anauliza kama utakwazika kufungua begi. Ukisema "Yes" umekataa. Jibu "No problem" na ufungue. Na zaidi ya yote, usiitikie "yes, yes" kwa kutaka kumfurahisha mtu usiyemwelewa. Hiyo "yes" inaweza kuwa umekubali kwamba begi lilifungwa na mtu mwingine, na hapo utawekwa pembeni kwa muda mrefu.

Tuje kwa uhamiaji wa Dubai. Kwanza ondoa wazo kwamba wanapima Kiingereza chako. Afisa anataka kuona kama maneno yako yanafanana na karatasi zako: viza, tiketi ya kurudi, hoteli. Jibu fupi lenye ukweli linamridhisha kuliko sentensi ndefu. Pengine hatauliza kitu, atasema tu "Look at the camera" au "Take off your glasses". Akiuliza, shika neno la kwanza la swali, maana ndilo linalobeba maana: where ni wapi, how long ni muda gani, how much ni kiasi gani cha pesa, how many ni ngapi, who ni nani. "How long are you staying?" jibu "Ten days". Usiseme "in ten days", atafikiri jambo litatokea baada ya siku kumi. "Where are you staying?" anataka jina la hoteli, mwonyeshe karatasi. "What do you do?" haulizi unafanya nini pale mbele yake, anauliza kazi yako: "I am a trader. I have a shop in Lubumbashi". "What is the purpose of your visit?" ni sababu ya safari. Jibu "To buy clothes for my shop", na uwe umehakikisha kabla ya safari, kwa aliyekutolea viza, kwamba hiyo inakwenda sawa na aina ya viza uliyo nayo.

Ukiulizwa "Where do you live?" usijibu "Kenya". Wewe unasema mtaa wako, yeye anasikia nchi nyingine, huku ameshika paspoti ya Congo. Sema "Lubumbashi, DRC". Wengine huuliza "Which Congo?", na jibu ni "DRC, Kinshasa", hata kama Kinshasa hujawahi kukanyaga; ni namna ya kutofautisha na ile ya Brazzaville. Alama ya nchi yetu kwenye paspoti ni COD. Kama una ndugu kule, usimwite "my parents". Kwa Kifaransa "parents" inaweza kuwa ukoo mzima, kwa Kiingereza ni baba na mama peke yao. Sema "my cousin", "my aunt". Vilevile usitumie "I demand" ukifikiri ni "je demande"; hiyo ni kuamrisha. Sema "Can I have... please?" Sentensi hiyo moja inakutosha kwa maji, fomu, kalamu na kiti.

Ukipewa fomu, kitu kinachotutesa Wakongomani ni majina, kwa sababu tuna jina, post-nom (jina la pili) na prénom, na wao wana visanduku viwili tu: "Surname", pengine "Last name" au "Family name", na "Given names". Usikisie. Angalia ile mistari miwili yenye alama za < chini ya ukurasa wa picha. Kwenye mstari wa kwanza, kilicho baada ya COD na kabla ya << mbili za kwanza ni "Surname", kilicho baada yake ni "Given names". Andika hivyohivyo, na tiketi iwe hivyohivyo. Tarehe ya kuzaliwa andika mwezi kwa herufi, kama 12 MAR, isichanganywe na mtindo wa Marekani wa kuanza na mwezi.

Kuhusu fedha na dawa, ukweli ndio kinga. Falme za Kiarabu zinataka kutangaziwa fedha taslimu na vitu vya thamani vikizidi dirham 60,000: "I have cash to declare". Dawa ziite "medicine", usiseme "drugs". Cheti cha daktari ni "prescription". Tramadol na dawa zenye codeine zinadhibitiwa vikali kule, usibebe kwa mazoea ya nyumbani. Kadi ya njano inaitwa "yellow fever certificate". Yako hata ikiwa imeandikwa miaka kumi, tangu Julai 2016 inahesabiwa kuwa ya maisha yote. Akiitilia shaka mtu, sema "It is valid for life".

Wakati wa kurudi na bidhaa, mazungumzo yote yatakuwa kwenye mzani. Soma tiketi: "2PC" maana yake mizigo miwili, kila mmoja na kikomo chake, mara nyingi kilo 23. PC ni "pieces", na hapo si "pièces" za Kifaransa, yaani sarafu. Watu hukosea wanaleta mmoja wa kilo 28 na mwingine wa 15, wanasema jumla haijafika 46. Jumla haihesabiwi. Ule wa 28 ni "overweight", na unalipiwa au unapunguzwa pale chini mbele ya foleni. "Extra bag" ni mzigo wa tatu, una bei yake. "Oversize" ni mkubwa kwa vipimo. Uliza "How much for one extra bag?" ofisini kwao siku mbili kabla, kwa sababu kulipia mapema mara nyingi ni nafuu.

Mambo yakiharibika, sentensi tatu zinabeba karibu yote. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha: "I missed my connection". Kama safari yote iko kwenye tiketi moja, shirika linawajibika kukutafutia ndege nyingine, uliza "Which flight, please? Is there a hotel?" Ukinunua tiketi mbili tofauti ili uokoe pesa, ulinzi huo huna, na hilo ni la kufikiria kabla ya kulipa. Mzigo usipofika: "My bag did not arrive". Nenda "Baggage Services" kabla ya kutoka ukumbini. Pale "Lost and Found" mara nyingi ni kwa vitu ulivyosahau mwenyewe. Wakuandikie ripoti inayoitwa PIR, yenye namba. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipopewa. Na usipoelewa kitu chochote: "Sorry, slowly please. Can you write it?"

Kuhusu simu inayotafsiri: ipakue lugha ya Kifaransa na Kiingereza ikiwa bado nyumbani, ifanye kazi bila mtandao. Ni nzuri kwa kusoma vibao, ni dhaifu kwenye kelele, na kwenye kaunta ya uhamiaji mara nyingi simu hairuhusiwi. Karatasi moja yenye hoteli, namba za ndege na simu ya mwenyeji, imeandikwa kwa Kiingereza, ni ya kuaminika zaidi. Unaweza pia kumwomba aliyekuuzia tiketi aandike ombi la MAAS, yaani mtu wa kukupokea na kukuelekeza Addis. Mashirika mengine hulipisha. Wengine huomba kiti cha magurudumu ili wasukumwe hadi getini. Kama miguu yako ni mizima, usifanye hivyo, yuko mzee anayekihitaji. Na kwa safari nyingine ukiwa bado na woga, njia ya Nairobi ipo: Kiswahili chao si cha Lubumbashi, lakini mtaelewana.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ikiwa jina la tiketi halifanani na la paspoti hata kwa herufi moja, nenda ofisini kwa shirika wiki hii, usingoje siku ya safari. Ukiwa unatumia dawa za kila siku, pita kwa daktari akuandikie barua yenye jina la dawa kwa Kiingereza. Ukiwahi kunyimwa viza au kurudishwa mpakani, kaa na mtu wa viza kabla hujapanda. Na kwa masikio, tafuta mwalimu, au Mzambia mmoja wa Kasumbalesa mwenye subira, vikao vitatu vya dakika 45 hivi. Akuulize maswali ya uhamiaji kwa mwendo wa kawaida, bila kukupunguzia kasi, akiyapindua kila mara: "How long will you be here? How many days? When are you leaving?" Ujibu ukisimama, paspoti mkononi.